Jinsi ya kuonyesha kastoma shamba lako kwa simu (somo na maswali ya wanachama)

Wadau habari zenu. Niliahidi kuandika hii kitu wiki mbili zimepita nikapotea, ni kuvuna ilinishika, mnisamehe. Mimi nalima Molo, viazi aina ya shangi ekari moja na nusu, karoti na minji kidogo, na kuku wa mayai kama mia hivi. Zamani broka alikuwa anakuja mlangoni na bei yake mfukoni, unakubali ama viazi inaota ikikuangalia. Saa hii zaidi ya nusu ya mazao yangu inaenda Nakuru mjini, Milimani, Section 58, Kiamunyi, kwa watu wenye sijawahi kuwashushia bei, na kitu inawashika ni vile wanaona shamba kila siku kabla chakula ifike kwao.

Hatua ya 1: namba kwanza
Status ya WhatsApp inaonekana tu kama wewe umesevu kastoma na yeye amekusevu. Hapa ndio wengi wanaanguka, unapost mwezi mzima ukiangaliwa na mashemeji peke yao. Kila ukipeleka mzigo mwambie kastoma hapo hapo mlangoni, "mama, nisevu, andika Viazi Molo, utakuwa unaona vile vinakua." Ukitaka kutuma meseji kwa wengi mara moja kuna ile listi ya matangazo, inabeba watu 256, lakini pia hiyo haimfikii mtu hajakusevu. Mimi nilianza na watu 11.

Hatua ya 2: picha moja, asubuhi
Pangusa kioo cha kamera na shati, jua likae nyuma yako, piga. Moja au mbili zinatosha, ukijaza status vidoti ishirini watu wanakuruka. Na usingoje kitu kizuri! Mbegu ikiwa imechipuka kwa kreti, mtaro umejaa maji, kuku ametaga yai halina ganda, barabara yetu ya matope na pikipiki imekwama, hizo ndio watu wa mjini wanajibu. Andika sentensi moja kwa lugha unayoongea nayo nyumbani. Picha yangu yenye ilijibiwa sana ni ya baridi ya asubuhi imechoma majani ya viazi hadi yakawa meusi, niliandika tu "leo nimeamka hivi". Mwezi uliofuata nilipopandisha bei kidogo hakuna hata mmoja aliuliza kwa nini.

Hatua ya 3: usifiche dawa
Hii ndio nataka msome polepole kwa sababu ilinigharimu. Mvua ndefu za mwaka jana hazikuwa zinakatika, ukungu kila asubuhi, blaiti, ule ugonjwa wa kuozesha majani, ikaingia na mkulima wa viazi anajua blaiti haingoji ujipange, siku chache tu shamba limelala. Nikapiga dawa. Na kwa ujinga wangu nikapost nikiwa na pampu mgongoni, gambuti, maski, nikaandika "kazi iendelee". Kabla ya saa sita kastoma wawili walikuwa wamefuta oda, mmoja ameandika "kumbe tunakula sumu". Nikakasirika, nikafuta picha, nikanyamaza siku tatu, na kunyamaza ndio kuliharibu zaidi maana sasa ilikaa kama nimeshikwa.

Siku ya nne nikachukua chupa ya dawa nikapiga picha ya lebo, pale imeandikwa siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Halafu nikakata kipande cha katoni, nikaandika tarehe niliyopiga na tarehe nitavuna, nikakidunga mwisho wa mstari, nikapost. Nikaeleza pia kwamba viazi tunavikata majani kama wiki mbili kabla ya kuchimba ndio ngozi ikomae isichubuke, kwa hivyo hapo katikati hakuna mtu anapiga dawa ya majani, majani yenyewe hayako. Kastoma mmoja alirudi. Mwingine hakurudi mpaka leo, ni sawa. Lakini ile katoni sasa ni ya kila msimu, na watu wananiuliza wenyewe "katoni iko wapi?"

Usiandike "bila dawa" kama unapiga. Usiandike!

Hatua ya 4: mizani
Vidio fupi ya gunia likiwa kwa mizani, sekunde kumi. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisipite kilo 50, na bado mnajua zile zinawekwa kofia juu, zinajazwa kupita mdomo wa gunia. Kastoma wa mjini hajui gunia lako ni kilo ngapi, muonyeshe.

Hatua ya 5: mfundishe kutunza
Shangi inaota haraka, hiyo ni tabia yake. Mwambie aweke mahali pa giza penye hewa, asiweke dirishani, na kiazi kikigeuka kijani asile ile sehemu kwa sababu ina sumu ya kiasili. Nilikuwa napata malalamiko kila wiki, "viazi yako imeota". Tangu nipost kapu langu chini ya meza limefunikwa gunia, yameisha.

Hatua ya 6: vitu hutapost
Nyuso za watoto. Mfanyakazi hajakubali. Meseji ya M-Pesa ikiwa na jina na namba ya kastoma, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya kampuni kubwa peke yake. Na ng'ombe umeuza leo, tulia, wezi pia wana simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Bungoma: Mimi niko na kabambe, haina WhatsApp. Nifanyeje?
Jibu: Ndugu, tumia simu ya kijana wako mara mbili kwa wiki, lakini sauti iwe yako, yeye apige picha tu. Ikikataa, tuma SMS siku ya kuvuna. Nina kastoma mzee wa mtaa wa London hapa Nakuru, yeye hana WhatsApp, nampigia tu namwambia mvua imenyesha aje, na anaagiza kuliko wote.

Mdau wa Njoro: Nauza maziwa. Niposti kukamua?
Jibu: Kwanza uwe na kibali cha Bodi ya Maziwa, usijitangaze kabla. Halafu posti, hasa siku ng'ombe amedungwa dawa na maziwa yake unamwaga mpaka zile siku za lebo ziishe. Itakuuma kumwaga, lakini hakuna tangazo linashinda hilo.

Mdau wa Kakamega: Nauza managu na mrenda, kastoma wanaona picha wanasema "nzuri sana" halafu wananunua soko kwa sababu ni bei ya chini.
Jibu: Dada, hao wanaosema nzuri sana achana nao, tafuta wenye wanauliza "imechunwa saa ngapi". Mboga ya kienyeji inanyauka haraka, wewe posti ikichunwa saa kumi na moja asubuhi na umande wake, na useme itafika saa ngapi. Ikichelewa, sema imechelewa.

Mdau wa Siaya: Kuku wa kienyeji, nionyeshe wakichinjwa?
Jibu: Hapana. Mimi nilijaribu mara moja.

Mdau wa Kitale: Nina ekari nane za mahindi, naona hii itanisaidia kupata bei.
Jibu: Boss, nitakuwa mkweli, kama magunia yote yanaenda kwa lori moja hii haitakusaidia sana, lori haliangalii status. Labda utenge kipande cha mahindi mabichi, hayo ya kuchoma yana watu wake.

Mdau wa Kisumu: Jirani ameiba picha zangu za mboga anauzia nazo.
Jibu: Weka ile katoni ndani ya picha, na tarehe ya leo. Kesho atakuwa anauza mboga za jana.