Skrini inazima, inarudi, halafu bluu: anza na draiva ya kadi ya grafiki

Juzi mdogo wangu kaniletea laptop yake ya kueditia video za harusi, kila akianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) skrini inakuwa nyeusi, inarudi, mara bluu. Alishaambiwa akanunue nyingine. Jamani msikimbilie kununua, angalieni draiva kwanza, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya grafiki.

1. Piga picha hiyo skrini ya bluu. Ukiona VIDEO_TDR_FAILURE ujue kadi ilichelewa kujibu (kawaida inapewa sekunde 2), Windows ikajaribu kuiwasha upya ikashindwa. Hukuwahi picha? Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa System, tafuta namba 4101, inaonyesha draiva ya skrini iligoma ikarudi.

2. Shusha DDU (programu ya kufuta draiva ya kadi pamoja na mabaki yake) na draiva. Kwa laptop naanza na tovuti ya waliotengeneza laptop yenyewe. Kama shida ilianza baada ya kuapdeti, chukua toleo la nyuma, sio jipya. Zile programu za kuapdeti draiva zote kwa mpigo sizitaki kabisa kwenye mashine ya mtu.

3. KATA INTANETI. Chomoa kebo, zima waifai, na hotspot ya simu zima pia maana laptop inajiunga yenyewe. Windows ikikuta kadi haina draiva inajishushia, na inaweza kurudisha ileile mbovu. Mimi nilishafuta draiva mara tatu usiku mmoja, kila nikiwasha bluu hiyo, nikaamini kadi imekufa, kumbe waifai ilikuwa imewaka muda wote. DDU ina sehemu ya kuzuia hilo, weka tiki, ila intaneti kata vilevile.

Halafu kabla ya kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, huko ndo tutatumia DDU) hakikisha una password ya akaunti, sio PIN tu, PIN inaweza kugoma huko. Kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la diski) andika ile recovery key, namba za kuifungulia, kwenye karatasi, ukiiweka kwenye laptop hiyohiyo utaisoma wapi ikikufungia? Ingia kwa kushikilia Shift ukibonyeza Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, namba 4. Msconfig, njia nyingine ya kuingia huko, siipendi, ukisahau kutoa tiki kila ukiwasha unarudi Safe Mode.

4. Fungua DDU, chagua GPU (ndo kadi ya grafiki) na kampuni yake, safisha na kuristati.

5. Instoo draiva, ristati tena, ndo urudishe intaneti.

Mdogo wangu tulimrendia video ileile iliyokuwa inakwama, feni ikavuma mpaka mwisho na skrini haikuzima. Yako ikizima hata na draiva safi, pima joto la kadi, na kama ni desktop kagua pawa saplai.