Jinsi ya kuomba amri ya ulinzi kabla ya dipozisheni, kwenye kesi ya kulipiziwa kisasi kazini Marekani

Ulilalamika kwa HR kuhusu ubaguzi, ukafukuzwa, ukafungua kesi mahakama ya shirikisho. Sasa wakili wa mwajiri ametuma notisi: anataka kukuhoji chini ya kiapo, huku mwandishi wa mahakama akinakili kila neno. Hiyo ndiyo dipozisheni. Kanuni ya 30 ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho inaipa siku moja, isiyozidi saa 7. Kuikwepa huwezi, kwa sababu wewe ndiye uliyeshtaki. Unachoweza ni kuiwekea mipaka kwa amri ya ulinzi, yaani amri ya jaji inayokataza maswali fulani, chini ya Kanuni ya 26(c).

Wateja wetu wanaozungumza Kiswahili mara nyingi hawaogopi maswali ya kazi. Wanaogopa kuulizwa makaratasi ya uhamiaji. Nitakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1: Chambua maswali yanayotarajiwa. Kesi ya kisasi ina mambo matatu: ulilalamika, ukaadhibiwa, na adhabu ilitokana na malalamiko yako. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Nassar, mwaka 2013, anayedai kisasi chini ya Title VII, sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi kazini, lazima aonyeshe kwamba bila malalamiko yake asingeadhibiwa. Kwa hiyo mwajiri ana haki ya kukuuliza kuhusu kuchelewa, barua za onyo na ugomvi wako na msimamizi. Usipoteze nguvu kuyazuia hayo, jiandae kuyajibu. Weka kando yale yasiyogusa kesi: uhamiaji, ndoa yako, maradhi ambayo hukuyataja kwenye madai. Ila ukidai fidia ya maumivu ya moyo, jua kwamba umefungua mlango wa maswali kuhusu afya yako ya akili. Liamueni hilo mapema, wewe na wakili wako.

Hatua ya 2: Ongeeni kwanza na upande wa pili. Kanuni ya 26(c) inataka maombi yaambatane na uthibitisho kwamba mlijaribu kwa nia njema kukubaliana. Pigeni simu, andikeni tarehe na kilichosemwa. Mambo mengi huishia hapa, pande zote zikitia saini makubaliano na jaji kuyaidhinisha.

Hatua ya 3: Andika ombi finyu, lenye sababu mahususi. Hapa ndipo maombi mengi yanapoangukia. Ukiandika "mdai anaomba dipozisheni ifutwe kwa kuwa inamsumbua", tegemea kukataliwa. Andika hivi:

*"Mwajiri asiulize kuhusu hali ya uhamiaji ya mdai, mahali alipozaliwa, wala namna alivyoingia nchini. Maswali mengine yote kuhusu ajira yake yaendelee."*

Kisha ambatanisha tamko lako la maandishi, linaloadhibiwa kama kiapo cha uongo ukidanganya, ukieleza madhara halisi: nani alikutishia, lini, kwa maneno gani. Kama msimamizi alikuambia "nitapiga simu uhamiaji", sentensi hiyo iingie kama alivyoitamka.

Uamuzi wa kuegemea ni Rivera dhidi ya NIBCO, wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, eneo la kimahakama linalojumuisha California, mwaka 2004. Wanawake wahamiaji waliofanya kazi kiwandani California walidai ubaguzi baada ya kupewa mtihani wa Kiingereza na kisha kupoteza kazi. Kwenye dipozisheni, mmoja aliulizwa alizaliwa wapi. Wakili wake alimzuia kujibu, akasimamisha mahojiano na kwenda kuomba amri ya ulinzi. Akaipata, na mahakama ya rufaa ikaiunga mkono: maswali kama hayo yangewatia wafanyakazi hofu hadi waache kudai haki zao. Nje ya mzunguko huo uamuzi haumfungi jaji, ila una uzito wa kumshawishi.

Hatua ya 4: Wasilisha kabla ya siku yenyewe. Usipofika, huwezi kujitetea baadaye kwamba maswali hayakufaa, isipokuwa maombi yako yalikuwa tayari mezani kwa jaji. Ndivyo isemavyo Kanuni ya 37(d). Na kuwasilisha tu hakusimamishi dipozisheni katika mahakama nyingi, kwa hiyo omba usikilizwaji wa haraka. Kumbuka pia gharama: anayeshindwa bila hoja ya maana anaweza kuamriwa kulipa ada za wakili wa mwenzake.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba. Nenda na nakala ya amri. Kama Kiingereza kinakulemea, mkalimani wa Kiswahili apangwe mapema, na anayekielewa Kiswahili chako. Mtu wa Bukavu na mtu wa Mombasa hawasemi sawasawa. Wakili wako anaweza kukuambia usijibu kwa sababu tatu tu: kulinda siri ya kisheria (kama mazungumzo yako na wakili wako), kutekeleza mpaka uliowekwa na mahakama, au kusimamisha mahojiano ili aende kwa jaji chini ya Kanuni ya 30(d)(3). Swali la kuudhi peke yake halitoshi. Likija swali lililokatazwa, nyamaza, mwache wakili ataje aya ya amri kwa sauti ili iingie kwenye nakala, kisha msubiri swali linalofuata.