Namna ya Kulinda Fizi Unapovaa Vyuma vya Kunyoosha Meno

Jino linalovutwa na waya husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, kwa sababu mfupa huyeyuka upande linakoelekea na kujengeka upya upande linakotoka. Hatari ipo pale ambapo mfupa huo tayari ni mwembamba, hasa upande wa nje wa meno ya mbele ya chini. Jino likisukumwa kupita ukingo wa mfupa, ufizi hukosa mahali pa kuegemea, na ukivimba kwa sababu ya ukoga au ukikwaruzwa na mswaki, hurudi nyuma na kuacha mzizi wazi. Wengi humaliza matibabu haya bila madhara makubwa ya aina hiyo, na hakuna sababu ya kuyakimbia. Lakini ufizi ukisharudi nyuma kwa kawaida haukui tena wenyewe, na ndiyo maana kazi kubwa ya kuulinda hufanyika kabla ya chuma cha kwanza kubandikwa.

Mwombe daktari apime unene wa fizi zako. Huingiza kifaa chembamba kati ya ufizi na jino, na kikionekana kwa nje kupitia ufizi, basi ufizi huo ni mwembamba na unahitaji uangalizi zaidi. Muulize pia waziwazi kama mpango wake utasukuma meno ya mbele ya chini kwenda nje, na kwa kiasi gani, kwa kuwa meno yaliyobanana hupata nafasi ama kwa kupanuliwa safu, ama kwa kupunguzwa kidogo ubavuni, ama kwa kung'olewa baadhi yao, na kila njia ina athari yake kwa mfupa. Pale ambapo ufizi ni hafifu mno, daktari wa fizi anaweza kushauri upandikizwe kipande cha nyama kutoka kaakaa kabla ya meno kusogezwa. Ugaga wote, yaani ukoga uliogandamana na kuwa mgumu, uondolewe, na fizi zinazotoka damu zitibiwe hadi zitulie. Mvutaji wa sigara aache, kwa maana tumbaku hudhoofisha fizi na kuchelewesha kupona kwake. Mwisho, omba picha na vipimo vya fizi zako vihifadhiwe kwenye faili, kwa kuwa bila kumbukumbu ya mwanzo ni vigumu kwa yeyote kusema baadaye ni nini kilichobadilika.

Vyuma vikishawekwa, tumia mswaki laini, uulaze kwa mshazari kuelekea ufizi, na usugue taratibu kwa miendo mifupi, kwanza juu ya waya na kisha chini yake, halafu upitishe kiburashi chembamba kati ya meno. Nguvu haisaidii chochote hapa. Unga wa mkaa, ambao wengi huusifu kwa kung'arisha meno, hukwaruza, na sioni sababu ya kuutumia juu ya ufizi ulio katika shida. Anayetumia mswaki wa mti, kama ilivyo desturi ya wengi pwani, alainishe nyuzi zake vizuri na kuusogeza kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, kisha amalizie kwa mswaki wa kawaida na dawa yenye floridi, kwa sababu mti haufiki chini ya waya.

Kila mwezi vuta mdomo wa chini na upige picha ya fizi penye mwanga uleule. Tafuta jino linaloonekana refu kuliko jirani yake, mstari wa manjano chini ya sehemu nyeupe ya jino, ufizi uliochongoka kama herufi V, au jino linalotia ganzi kwa maji baridi. Kumbuka kwamba ufizi uliovimba unaweza kufunika mzizi ulioachwa wazi, na hasara ikaonekana baada ya vyuma kutolewa na uvimbe kuisha. Pembetatu nyeusi, yaani mwanya mdogo unaobaki karibu na ufizi, kati ya meno yaliyokuwa yamepandana ni jambo tofauti, ingawa nayo ionyeshe.

Ukiona dalili, usisubiri miadi ijayo, wala usiache kupiga mswaki mahali hapo. Daktari anaweza kusimamisha nguvu kwenye jino hilo au kulirudisha ndani ya mfupa, kisha akaamua kama upandikizaji unahitajika. Mzizi huweza kufunikwa vizuri zaidi ikiwa mfupa kati ya meno bado upo.

Baada ya matibabu, waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele ya chini ili yasirudi yalikokuwa unahitaji kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Ukipinda au ukiachia upande mmoja, unaweza kuendelea kusukuma mzizi nje ya mfupa miaka mingi baadaye bila maumivu yoyote, kwa hiyo jino moja likianza kuinama wakati waya bado umeshika, rudi kwa daktari uondolewe waya huo.