Kupata nyuzi za kuvu katika picha za hadubini zenye chenga

Juzi, hapa Bukavu, nilikaa jioni tatu na mwanafunzi wa kilimo aliyepima urefu wa nyuzi za kuvu ndani ya mizizi ya muhogo kutoka Walungu. Picha zake zilijaa chenga, na programu ilimchorea mistari mahali pasipo na uzi wowote. Njia iliyotutoa hapo ni hii.

Hatua ya 1. Hifadhi picha kama faili la aina ya TIFF, si JPEG. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mipaka yake hudhaniwa kuwa mistari.

Hatua ya 2. Ifungue katika Fiji, programu ya kuchambua picha, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Tenganisha rangi, ubaki na nyekundu, kwa sababu bluu ya tripani, yaani rangi iliyopakwa kuvu ili waonekane, hunyonya mwanga mwekundu na nyuzi huonekana nyeusi zaidi. Igeuze iwe ya biti 8, yaani ya kijivu tu.

Hatua ya 3. Fungua Ridge Detection, kiongezo cha Fiji cha kutafuta mistari, uweke alama kwenye Darkline (mistari myeusi), kisha ujaze upana wa uzi. Upana huu ndio uliotula jioni mbili. Programu hufuata hesabu aliyoichapisha mtafiti Carsten Steger mwaka 1998, ambayo hutafuta mgongo wa mstari, yaani katikati yake; mimi siishauri njia ya Canny, inayochora kingo mbili kwa kila uzi, wala ya Hough ya mistari iliyonyooka, kwani kuvu hupinda. Kutokana na upana, programu hukokotoa sigma, yaani kiasi cha kulainisha: upana hugawanywa kwa 3.46, kisha huongezwa 0.5, hivyo uzi wa pikseli 7 hupata takriban 2.5 (andika nukta, si mkato tuliozoea shuleni). Mwanafunzi alikuwa amepima upana kwenye picha za lenzi ya 10, akautumia kwa zile za lenzi ya 40, ambako uzi uleule ni mpana mara nne. Kila uzi ukatoka mistari miwili sambamba, kama reli. Pima upya kwa kila lenzi, ukichora mstari mfupi unaokatiza uzi, kwa nyuzi kumi hivi, na kutazama bonde la mwangaza, yaani mahali mwangaza unaposhuka. Usilainishe picha kabla, kwani sigma hufanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 4. Weka vizingiti viwili, yaani viwango vya nguvu ya mstari: kizingiti cha juu huamua mstari uanzie wapi, cha chini huamua uendelee hadi wapi. Chenga zikichorwa, pandisha cha juu. Uzi ukikatikakatika, shusha cha chini.

Hatua ya 5. Chora nyuzi kwa mkono katika picha tano, ulinganishe urefu, ndipo uwashe hesabu ya picha zote.