Kuziba boti ya alumini na kuilinda isiliwe na chumvi

Mwaka juzi nilipandisha boti yangu Kigamboni, nikakuta tundu dogo kwenye bati la chini, ukingo wake una unga mweupe kama chaki. Ndani, palepale juu ya tundu, kilikuwa kimelala kipande cha waya wa shaba kisichozidi ukucha. Fundi wa umeme alikiangusha, kikakaa kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, miezi kadhaa. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao, na inayolika ni alumini. Ukiziba tundu bila kuondoa kilichotoboa, utarudi kuziba tena.

1. Osha boti kwa maji yasiyo na chumvi, ng'oa mbao za sakafu, zoa tope lote. Zulia lililolowa chumvi huficha vishimo vingi.

2. Ipandishe juu ya magogo, mimina maji ndani, kisha ingia chini na chaki. Panapotona, weka alama. Ribiti iliyolegea tu hukazwa: mmoja ashikilie chuma kizito upande mmoja, mwingine agonge upande wa pili.

3. Kama ni ufa, toboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho wake, usije ukaendelea kukimbia.

4. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Usipoikwangua kabla ya kuchomea, bati litayeyuka chini yake na mshono utajaa matundu. Futa mafuta kwa asetoni kwanza, ndipo upige brashi ya waya ya stenlesi. Brashi hiyo isiwe imewahi kugusa chuma, maana iliyosugua geti hupandikiza chembe za chuma kwenye bati lako.

5. Toa tangi la mafuta na betri, kisha chomea kwa gesi ya agoni. Waya wa kuchomea wa 5356 unafaa kwa bati la 5083 na la 5052 (namba hizi ni za aina za alumini). Fundi mwenye vijiti vya kuchomea mageti, mshukuru umwache.

6. Piga msasa na upake praima (rangi ya kwanza) ya epoksi siku hiyohiyo.

7. Kila bolti ya stenlesi iwekee washa ya plastiki. Mwisho funga zinki ya kafara, ile inayolika badala ya boti. Iguse bati tupu, usiipake rangi, na ikibaki nusu ibadilishe.

Maswali ya wanachama

*Kaka, boti nimeitoa Mwanza, ina vipande vya magnesiamu. Niviache?*
Vitoe, ndugu yangu. Magnesiamu ni ya maji ya ziwa. Baharini itaisha upesi, na inaweza kuibandua rangi.

*Huku Msasani sijapata fundi wa agoni. Gundi ya epoksi itafaa?*
Kwa vishimo visivyotokeza, ndiyo, ukishakwangua unga wote. Kwa ufa wa chini hapana, mtetemo wa mashine utaibandua. Weka kiraka cha alumini kwa ribiti za alumini na silanti (dawa ya kuziba maji) kati yake.

*Shikamoo fundi. Nimepewa rangi nyekundu ya kuzuia chaza na majani, niipake?*
Marahaba. Soma kopo kwanza. Nyingi za rangi hizo zina shaba, na ukiipaka utakuwa umeifunika boti nzima kwa kile kilichonitobolea yangu. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya alumini.