Kubandika Kope Moja Moja Zidumu: Mwongozo kwa Mafundi wa Saluni Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mteja anaporudi saluni kabla ya wiki kwisha huku nusu ya kope zake za kubandika zimedondoka, fundi wengi hukimbilia kununua gundi nyingine. Mara nyingi gundi haina kosa. Gundi za kope moja moja hutengenezwa kwa sianoakrileti, kemikali isiyokauka kwa upepo kama rangi ya kucha, bali hukamaa inapokutana na unyevunyevu wa hewani na ule ulio juu ya ukope wenyewe. Mji ulioinuka kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wenye kiangazi kikavu na mvua za mfululizo, unamlazimu fundi abadili mkono wake kwa majira, na ndiyo sababu maelekezo ya mafundi wa Dar es Salaam, yaliyopangwa kwa hewa ya pwani, hayawezi kufuatwa hapa neno kwa neno.

Hatua ya kwanza: soma hewa ya chumba. Nunua kipima unyevu kidogo na ukiweke karibu na kichwa cha mteja, si dirishani. Gundi nyingi hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24 na unyevu wa asilimia 45 hadi 60, ingawa lebo ya chupa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na fundi hufunga madirisha na kuwasha hita ya umeme. Joto linapanda, lakini kiwango cha unyevu kinashuka kwa sababu maji yaliyomo hewani hayajaongezeka. Hapo gundi huchelewa, kope huteleza na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Tundika taulo lililoloa karibu na kitanda, au tumia mashine ya mvuke baridi, na uchague gundi inayokamaa haraka. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama umeme umekatika, kwani hewa yake ya sumu haionekani na mteja wako amelala macho yamefungwa.

Wakati wa mvua mambo hugeuka. Gundi hukamaa ikiwa bado njiani, hivyo ukope wa kubandika huwekwa juu ya wa asili bila kuukumbatia; mkononi unaonekana umeshika, usiku kwenye mto unabanduka. Mafundi wa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wanaufahamu usumbufu huu kuliko sisi wa mjini. Tumia gundi ya polepole, na ufupishe muda kati ya kuchovya na kubandika.

Hatua ya pili: safisha kope. Mwulize mteja amepaka nini usoni tangu asubuhi, kwa maana mafuta ya nazi na ya parachichi, yanayopendwa sana huku kwetu, hubaki kwenye mizizi ya kope hata baada ya uso kuoshwa. Tumia sabuni ya povu ya kope isiyo na mafuta na brashi laini, suuza kwa maji safi, kausha kabisa, kisha pitisha praima kidogo, yaani maji ya kuandaa kope kabla ya gundi, bila kugusa ngozi. Vumbi la kiangazi nalo lihesabiwe, hasa kwa mteja aliyefika kwa bodaboda. Mteja mgeni afanyiwe jaribio la kope chache saa 24 hadi 48 kabla, na mwenye macho mekundu au yanayowasha aahirishwe, hata kama sendofu yake ni kesho.

Hatua ya tatu: chagua uzito. Unene wa milimita 0.15 unawafaa wengi kwa ukope mmoja juu ya mmoja. Kwa kope dhaifu shuka hadi 0.12 au 0.10. Urefu usizidi ule wa asili kwa zaidi ya milimita 2 au 3. Wateja hutaka ndefu zaidi, lakini ukope uliolemewa huinama, huzunguka na kudondoka mapema.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kazi yenyewe: tenganisha na ubandike. Tikisa chupa vizuri, weka tone dogo, na ulibadilishe kila baada ya dakika 15 hadi 20 hata kama bado linang'aa. Kwa kibano cha mkono mmoja tenga ukope mmoja wa asili mpaka uuone umesimama peke yake, bila ukope mchanga pembeni. Chovya ukope wa kubandika polepole na uutoe polepole, ili gundi ifunike shina bila kuacha kidonge. Uweke umbali wa milimita 0.5 hadi 1 kutoka kwenye ngozi, ukilaza shina lote lenye gundi juu ya ukope wa asili, kisha ushikilie kidogo kabla ya kuachia. Shina lililogusa kwa ncha tu ndilo linaloanza kuinuka. Hamahama kati ya jicho la kulia na la kushoto, ili kope jirani zipate muda wa kukamaa.

Ukimaliza, chana kope zote kwa kibano ukitafuta zilizoshikana. Mbili za asili zilizogandana hukua kwa kasi tofauti, na moja humng'oa mwenzake.

Mteja akirudi kulalamika, mwombe alete zilizodondoka. Ukikuta ukope wa kubandika umetoka pamoja na wa asili, na wa asili ni mzima na mrefu, huo ni mzunguko wa kawaida, kwani kila mtu hupoteza kope chache kila siku. Ukitoka wenyewe ukiwa na shina safi, tafuta kosa kwenye usafishaji au mafuta ya usiku. Ukiwa na gundi nyeupe inayovunjika, unyevu ulizidi. Kope fupi, changa, zilizong'oka zikiwa zimebeba nzito zinaonyesha kwamba utenganishaji ulikuwa mbaya, na hapo usijazie chochote: toa zote kwa krimu ya kubandulia, uache kope zipumzike. Kwa wengine, kujazia kufanyike kila baada ya wiki 2 hadi 3, ukianza kwa kuondoa zilizokua mbali na ngozi.