Chaja ya betri ya gari, ile swichi uiweke wapi

Siku hizi chaja za betri zimejaa madukani hapa Malindi na watu wananunua, shida ni kwamba mtu akishabana zile waya anapeleka swichi moja kwa moja kwa amp kubwa kabisa ati gari iwake haraka, na hapo ndo betri zinapouliwa. Kabla hujagusa swichi yoyote chukua kitambaa, panguza vumbi ubavuni mwa betri alafu usome. Unatafuta vitu viwili tu: ni betri ya aina gani na ina Ah ngapi, yaani amp-saa, kiasi cha umeme inachoweza kuweka.

Ikiwa juu ina vifuniko sita vya kufungua basi hiyo ni ya asidi ya kawaida. Ikiwa imezibwa yote usikisie, angalia kama imeandikwa AGM (asidi yake imenyonywa na pamba ya kioo) au GEL (asidi yake ni kama jeli), na kama haina neno kati ya hayo mara nyingi ni asidi ya kawaida tu ilozibwa. Kwa Ah hapo ndo watu wanachanganyikiwa sana. N50 ni kama Ah 50, sawa, lakini NS40 haifiki 40, ni kama 32 hadi 35 hivi, na zile zinazokuja na magari ya Japani zimeandikwa mfano 46B24L, ile 46 si Ah kabisa, ni daraja la nguvu yake. Vilevile CCA si Ah, hiyo ni nguvu ya kuwashia kwenye baridi, iache.

Ukishajua Ah igawe kwa kumi, jibu ndo amp zako. Betri ya 50 ichaji na amp 5, ya 35 amp 3 au 4, na kama chaja yako ina 2 na 10 peke yake chukua 2 ulale, asubuhi utaikuta imepanda, ikiwa ilikuwa tupu kabisa iongeze siku nzima. Tuseme N50 imebaki nusu, inataka Ah 25, kwa amp 5 ni saa tano na saa moja zaidi manake si umeme wote unaingia ndani. Volti ni 12 kwa gari ndogo na tuktuk. Lori nyingi ni 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa, kwa hivyo ukizitoa ukachaji moja moja rudisha swichi 12.

Ile sehemu ya Start au Boost, yenye amp 50 na kwendelea, si ya kuchajia jamani. Ni ya kusaidia injini izunguke kwa sekunde chache basi. Hapa Maweni kuna Probox betri yake iliachwa kwa Boost tangu mchana mpaka alasiri, nilipofika mbavu zimefura, maji yanachemka ndani yanasikika, na harufu ya yai bovu imejaa kibandani. Ukisikia harufu hiyo zima chaja ukutani kwanza, usianze kung'oa waya kwenye betri, manake ile gesi inayotoka inalipuka kwa cheche ndogo tu. Ndo sababu pia uchaji mahali penye upepo na hakuna sigara.

Sasa zile alama za kwenye chaja. AGM weka AGM, gel weka gel, na gel usiipe zaidi ya volti 14.4 hivi, ikitoa mapovu ndani hayarudi. Ile alama ya theluji imewekwa kwa nchi za baridi, inapandisha volti mpaka kama 14.7, kwa hivyo kwa betri ya asidi ya kawaida huku kwetu, na hasa kaskazi hii na joto lake, usiiguse kabisa. Chaja nyingine hutumia theluji hiyohiyo kwa AGM, soma kikaratasi chake. Betri ikiwa na joto inataka volti kidogo kuliko ikiwa baridi, basi ichaji kivulini na gari ikiwa imepoa, si saa saba mchana bonneti imewaka moto. Repair, ile sehemu ya kujaribu kurekebisha betri iliyochoka, inapanda mpaka volti 15 na kitu, hiyo ni ya asidi ya kawaida peke yake na betri iwe imetolewa kwenye gari, la sivyo unaeza kuunguza kompyuta ya gari. Lithiamu nayo inataka chaja yenye sehemu yake.

Nyekundu kwa chanya kwanza, nyeusi kwa chuma cha bodi mbali na betri, stima mwisho. Terminali zikiwa na ule unga wa kijani au mweupe, na huku pwani chumvi ya bahari hazichelewi kuupata, zisugue kwanza la sivyo chaja itasoma uongo. Maji ongeza yale ya betri ya dukani, ya kisima yana chumvi, na ujaze baada ya kuchaji, ila kama zile sahani za risasi ndani ya betri ziko wazi zifunike kidogo kabla.

Ikimaliza iache ipumzike usiku kucha kisha pima volti na mita. 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 ni nusu. Ikiwa umechaji vizuri na asubuhi unakuta 10 na kitu, selo moja, yaani chumba kimoja kati ya sita vya ndani, imekufa, hakuna swichi itakayoifufua, ipeleke kwa wanaouza betri wakutolee bei ya ile mbovu kwenye mpya.